Ngozi ya Kwenye Picha

Masofa yalirudi asubuhi, yote, yakiwa bado yamevikwa nailoni. Dereva wa lori aliyashusha uani pa kiwanda bila kungoja mtu wa kumsaidia, akasema mteja ameyakataa, akageuza gari akaenda zake. Wafanyakazi walisimama na gundi mikononi wakiyatazama kama watu wanaomtazama mgonjwa aliyerudishwa nyumbani. Kila mmoja alijua kwamba kabla ya chakula cha mchana atatafutwa mwenye makosa, na kwamba huyo hatatoka miongoni mwa wenye viti vya kuzunguka.

Meneja alishuka ngazi na tableti mkononi. Akararua nailoni ya sofa la kwanza, akaisimamisha picha kando yake. Kwenye picha, ngozi ya kahawia ilikuwa na mng'ao mtulivu, kama kiatu cha bwana harusi; dirisha la ukumbi wa hoteli lilionekana limejilaza juu ya mkono wa sofa mithili ya maji. Kwenye sofa lenyewe hakukuwa na dirisha wala maji. Ngozi ilikuwa kavu, imepauka, kama goti la mtu aliyetoka kuoga akasahau mafuta.

"Niitieni Picha," akasema.

Picha ndilo jina walilompa binti aliyetengeneza picha za bidhaa za kiwanda. Hakuwa mpiga picha. Masofa aliyoyaonyesha yalikuwa hayajaundwa bado. Aliyajenga ndani ya kompyuta, akayavika ngozi ya humo humo, akawasha jua la humo humo, na mteja akaagiza kwa kuangalia hayo. Kwa njia hiyo kiwanda kiliokoa mbao na misumari. Alichookoa yeye hakikujulikana.

"Hii ni nini?" Meneja akauliza.

"Ni picha niliyotengeneza, bosi."

"Na hili?"

"Ni sofa."

"Mbona hawafahamiani?"

Watu wawili wakacheka, kisha wakajikohoza. Binti alihisi masikio yakimwaka.

"Uliongeza mng'ao," Meneja akasema.

"Sikuongeza. Wewe mwenyewe ulishaniambia niongeze, nikakataa. Mimi sichori mng'ao, bosi, naipima ngozi. Naimulika upande huu, naimulika upande ule, kamera haisogei. Kompyuta inahesabu mwanga ulioingia na jinsi ulivyorudi. Ngozi ikikwaruza, mwanga unatawanyika. Ikiwa laini, unarudi pamoja. Na unaorudi hauwezi kuzidi ulioingia. Hakuna pa kudanganyia."

"Kwa hiyo aliyedanganya ni sofa?"

"Sijui. Ila ngozi niliyopewa kupima siyo hii."

Alilisema hilo kwa sababu aliliamini. Meneja aligeuza shingo polepole akatazama mlango wa stoo, na wote waliokuwa uani wakageuza shingo naye, maana mtu mkubwa akitazama mahali, wadogo hawaulizi kuna nini.

Mama Stoo alitoka na bahasha ya kaki. Ndani yake mlikuwa na kipande cha ngozi alichokikata yeye mwenyewe, akampa binti akapime nyumbani, kikarudishwa, naye akakiweka rafuni bila kufungua. Meneja alikitoa mbele ya watu wote. Kiling'aa. Kikawekwa juu ya sofa, na hata kipofu angejua hivi viwili si ndugu.

"Mama, hiki umekikata wapi?"

"Kwenye ngozi hizi hizi, bosi. Kwa mkasi wangu."

"Na mng'ao umepotelea wapi?"

"Hata mimi nashangaa. Nilipokikata hakikuwa hivi."

"Kwa hiyo kimejipaka mafuta chenyewe, kikachana nywele pia?"

Safari hii walicheka wengi. Mama Stoo naye alijaribu kutabasamu, akidhani pengine ni mzaha.

"Ngozi nzuri ziliingia stoo," Meneja akasema, "zikatoka mbaya. Katikati yake upo wewe na ufunguo. Mashine ya huyu binti imepima. Wewe umepima kwa nini?"

"Kwa macho, bosi. Miaka yote nimepima kwa macho."

"Macho!" Meneja akawageukia wengine. "Mmesikia?"

Mama Stoo aliuvua ufunguo shingoni pale pale. Langoni mlinzi alimwaga mkoba wake juu ya benchi: bakuli la chakula, kandambili, mwavuli wenye mbavu iliyovunjika. Mlinzi huyo alikuwa akimwita mama kila asubuhi. Aliukung'uta mkoba ukiwa mtupu, halafu akaukung'uta tena, kwa kuwa Meneja alikuwa anatazama kutoka dirishani.

*

Nyumbani kwa binti, baba yake, fundi viatu, alikuwa ameketi kibarazani na kiatu cha mtu kimebanwa magotini. Mtaani walimwita Mzee Brashi. Kando yake dada yake alikuwa akishona vifungo, huku akimweleza kaka yake makosa yake yote ya wiki hiyo.

Binti alifika, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa bila kuvua mkoba.

"Leo nusura nifukuzwe," akasema, akawasimulia.

"Hiyo mashine yako imekuokoa," baba yake akasema, na sauti yake ilijaa majivuno. "Kitu kinachopima hakionei mtu."

"Kimemwonea mama wa watu," shangazi akasema.

"Aliiba, shangazi. Kipande nimekiona kwa macho yangu."

"Mimi sijasema hakuiba. Nimesema yeye ndiye aliyemwagiwa mkoba."

Maneno hayo yalimchoma binti, akainuka. Aliingia ndani, kwenye ile pembe aliyoizungushia kitambaa cheusi ili mwanga wa dirisha usimharibie vipimo. Akawasha kompyuta. "Baba, njoo uone. Uone kama nilikosea."

Mzee alisimama nyuma yake, mikono michafu ameiweka mgongoni. Binti aliivuta ngozi karibu, akaivuta tena, mpaka vitundu vya vinyweleo vikawa mashimo na mikunjo ikawa mabonde. Akaisogeza taa ya humo ndani, na mng'ao ukatembea juu ya ngozi, ukifuata taa kama mtoto anayemfuata mama yake sokoni.

"Unaona? Hii haikuchorwa. Ndivyo ilivyo."

"Hivi viduara ni nini?" baba yake akauliza.

Kila mng'ao ulipopita, viduara vyembamba vilitokea, kimoja juu ya kingine, kama maji yaliyotupiwa kijiwe.

"Ngozi ilisuguliwa na mashine huko ilikotoka, nadhani. Mimi nimevichukua kama nilivyovikuta."

Mzee alirudi kibarazani, akakishika kile kiatu, akakiweka chini. Alikuwa anavijua viduara vile. Vilikuwa vya vidole viwili, cha shahada na cha kati, vilivyozungushiwa kitambaa, na kimoja chenye kovu kilikuwa kinakanyaga kwa uzito zaidi upande wa nje. Hakuna mashine duniani yenye kovu kidoleni. Jioni ile binti alipokuja na kipande cha kupima, bahasha ilikuwa mezani, binti amekwenda kuoga, naye akakitoa kipande akakitazama, akakionea huruma. Ngozi imekufa kiu, akasema peke yake. Akakipaka kidogo, akakipiga brashi, akakimalizia kwa kitambaa kwa sababu mkono ukishaanza hauachi kazi nusu. Kisha mteja akaita nje, akakirudisha katika bahasha na kusahau. Harufu isingemshtaki, kwani nyumba nzima ilinuka polishi tangu binti alipokuwa anatambaa.

"Kaka, umemeza nini?" dada yake akauliza. "Sura imekushuka."

"Mwite mtoto."

Binti alikuja, akasimama mlangoni.

"Ile ngozi yako," mzee akasema. "Niliipaka."

"Uliipaka nini?"

"Polishi. Kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani, baba?"

"Mpaka ikang'aa."

Sindano ya shangazi ilisimama. Binti alitazama mikono ya baba yake, halafu ukuta, halafu tena mikono.

"Na ulikaa kimya."

"Nilisahau, mwanangu. Ningejua mnaipima mwanga… Mimi nilijua unaipiga picha. Nani anakwenda kupigwa picha na vumbi?"

Katika siku nyingine wangecheka. Binti alijishika kichwa. "Nimesema mbele ya kiwanda kizima kwamba ngozi siyo ile. Nimesema mimi. Bosi hakuwa hata na habari na stoo."

"Sasa nisikilizeni," shangazi akasema, akapunguza sauti na kuutazama ua wa jirani. "Jambo hili linajulikana na watu watatu na wote wapo hapa. Yule mama atapata kazi nyingine."

"Wapi, shangazi?"

"Na wewe utapata wapi? Huyu mwenye brashi siku hizi anapata viatu vingapi? Watu wanavaa raba. Kodi ya nyumba hii nailipa mimi kwa vifungo? Niambie."

"Alimwagiwa mkoba kwa ajili yangu."

"Alimwagiwa na bosi. Bosi ana mdomo, angeuliza. Ana miguu, angekwenda stoo akafungua ngozi nyingine akaangalia. Hakutaka. Alitaka mtu. Leo ukimpelekea ukweli atakushukuru? Atakuweka kwenye nafasi ya yule mama, basi."

Mzee Brashi aliinuka akaanza kunawa mikono, akaisugua mpaka dada yake akamwambia ataichuna.

"Nitakwenda mimi," akasema. "Mkono ni wangu."

*

Ofisini kwa Meneja kulikuwa na zulia, na mbele ya zulia kulikuwa na katibu aliyemwomba mzee avue viatu. Alikuwa amevipiga brashi tangu alfajiri. Alivivua, akaingia na soksi, moja ina tundu, akakunja dole gumba ndani. Hakuonyeshwa kiti cha mbele ya meza. Alionyeshwa kile cha plastiki kilichokuwa karibu na mlango. Binti alibaki amesimama.

Mzee alisema yote. Alisema vibaya, akaanzia katikati, akaomba radhi mara nyingi mno, akaonyesha vidole. Meneja alimsikiliza huku akigeuza kalamu. Alipomaliza, binti akajiandaa kutukanwa.

"Ulipaka polishi gani?" Meneja akauliza.

"Naam?"

"Polishi. Aina gani? Nyeusi, kahawia, ya kopo, ya chupa?"

Binti alielewa kabla ya baba yake. Aliusogeza mguu wake ukaukanyaga wa mzee, kwa nguvu. Lakini mtu aliyekuja kutubu anajibu anachoulizwa, na mzee alidhani hicho ni sehemu ya adhabu. Alieleza kila kitu: ya kopo, kahawia iliyochanganywa na tone la nyeusi, iache inywewe, brashi ngumu, brashi laini, halafu kitambaa chenye unyevu. Alieleza vizuri sasa. Hata uso ulimng'aa kidogo, maana hakuna mtu wa ofisini aliyewahi kumuuliza kazi yake.

Meneja aliandika. Kisha akainua simu, akaamuru wapaka rangi wote waache walichokuwa wakikifanya.

"Mteja anakuja keshokutwa," akasema. "Ataikuta picha yake. Binti, kesho ufike mapema, uwaonyeshe kwenye kompyuta mng'ao unaotakiwa uishie wapi."

"Na Mama Stoo, bosi?"

"Suala lake limefungwa."

"Lakini hakuiba chochote."

"Mteja ameshaambiwa mwizi amepatikana. Nikimwambia leo hakukuwa na mwizi, ataniuliza kulikuwa na nini. Nimwambie kampuni yangu iliangushwa na fundi viatu?" Akatabasamu. "Halafu usisahau, mimi sikumtaja. Wewe ndiye uliyesema ngozi siyo hii. Mimi kosa langu ni kukuamini."

Hivyo ndivyo wakubwa wanavyofanya. Wanakuachia uchague jiwe, wanarusha wao, halafu wanakuonyesha alama za vidole vyako.

Nje, mzee alikuwa anahangaika kufunga kamba za viatu. "Umenikanyaga kwa nini?" akauliza.

"Basi tu, baba."

*

Mama Stoo alikuwa anafua mbele ya nyumba yake. Hakumkaribisha binti wala hakumfukuza. Aliendelea kukamua nguo, naye binti akasimulia akiwa amesimama juani: kipande, polishi, ofisi, simu. Mwisho akasema, "Naomba unisamehe."

"Umemaliza?"

"Nimemaliza, mama."

Mama Stoo alikung'uta shati, akalitundika kambani, akalibana. "Haya. Umeniambia mimi. Mimi nilikuwa najua."

"Ulijua ni polishi?"

"Nilijua sikuiba. Hilo nililijua tangu pale uani, sikuhitaji kuletewa. Sasa mimi nifanye nini na habari yako? Jirani zangu wanawaita watoto wao ndani nikipita. Kijana wa gundi, niliyekuwa nikimwekea chakula, jana amevuka barabara aliponiona." Akainama, akachukua nguo nyingine. "Kamwambie asiyejua."

"Nimemwambia bosi."

"Bosi amejua anachotaka kujua. Mimi sikuchekwa ofisini, mwanangu. Nilichekwa uani."

Akamgeuzia mgongo. Maji ya povu yalitiririka yakafika viatuni mwa binti, naye hakusogea mpaka yakapita.

*

Siku ya mteja, ua ulifagiliwa mara mbili. Masofa yalipangwa mstari, na kweli yaling'aa. Wapaka rangi waliyasugua mpaka mikono ikawa kahawia kufikia kiwiko. Binti alisimama na tableti karibu na sofa la kwanza. Hata ungetazama vipi, ngozi ya picha na ngozi ya sofa zilikuwa mapacha.

Mteja, mwanamke mwenye hoteli, alifika akiwa amevaa gauni jeupe. Alizunguka, akainama, akatazama picha, akatazama sofa. Meneja alimfuata nyuma akiwa amefumbata mikono kama msimamizi wa harusi.

"Sasa ndiyo," mteja akasema. "Hii ndiyo niliyoagiza."

"Nilikuahidi, madam. Yule mtu tulimbana, ngozi halisi zikapatikana."

Wafanyakazi walitazama chini. Kijana wa gundi alijikuna shingo.

Mteja akapitisha kiganja juu ya mkono wa sofa, pale pale ambapo kwenye picha dirisha lilijilaza. Alipokiinua, kilikuwa na rangi. Akakitazama. Akalitazama gauni lake.

"Mbona inatoka?"

"Ni upya tu, madam. Itakauka."

"Wageni wangu watakaa hapa na nguo zao. Itakauka lini?"

Kompyuta ilijua mwanga ulivyoingia na ulivyorudi. Habari ya kiganja cha mtu haikuulizwa. Mbele ya binti alikuwepo mteja, nyuma yake uani palikuwa pamejaa, wote waliokuwepo siku ile, hata mlinzi alikuwa amesogea kutoka langoni. Alimfikiria shangazi na vifungo vyake. Akafungua mdomo kabla hajamaliza kumfikiria.

"Haitakauka," akasema. "Ni polishi ya viatu."

"Picha," Meneja akasema taratibu.

"Ngozi ni ile ile mliyoikataa. Hakuna ngozi nyingine. Kile kipande nilichokipima kilipakwa polishi nyumbani kwetu, na baba yangu, kwa bahati mbaya, na mimi nikakipima bila kukiangalia. Picha ndiyo iliyokosea. Mimi ndiye niliyekosea." Sauti ilipanda bila yeye kutaka. "Mama Stoo hakuiba. Hakubadilisha kitu. Alisema hivyo hivyo mbele yenu nyote na tukamcheka."



Mteja alijifuta kiganja kwa leso, kidole kimoja kimoja. "Huyo mama ndiye mliyeniambia ni mwizi?"

"Madam, ni mambo ya ndani haya, tunayashughulikia," Meneja akasema.

"Yuko wapi?"

Meneja alitazama ngazi zake, akatazama lango. Jasho lilikuwa limeanza kumkusanyikia juu ya mdomo. Angeweza kusema nimemfukuza, lakini hapo angekuwa ameeleza mengine yote.

"Yuko likizo," akasema.

Mtu mmoja nyuma aliguna, wa pili akaguna, na kijana wa gundi akacheka kwa sauti kabisa, peke yake, bila kujikohoza.

"Likizo mpaka lini?"

"Mpaka… kesho."

"Vizuri. Kesho nitapiga simu, na nitazungumza naye yeye. Nataka aitazame ngozi kwa macho yake aniambie ikoje, halafu nitaamua kama ninaichukua, na kwa bei gani." Akakunja leso, upande wenye rangi ndani, akaenda kwenye gari lake.

Geti lilipofungwa, Meneja alimtuma mlinzi amfuate Mama Stoo nyumbani kwake, tena haraka, na amwambie ufunguo wake upo. Kisha akapanda ngazi. Katikati akasimama, akageuka.

"Na wewe, Picha," akasema, mbele ya watu wote. "Likizo ya kwako inaanza leo. Usisumbuke kuhesabu siku."

Binti alikusanya kamera, waya na zile taa mbili za kupimia ambazo alikuwa amezinunua mwenyewe. Waya zikamshinda kuzikunja. Kijana wa gundi alitoka kwenye mstari, akazichukua taa zote mbili, moja kwapa hili na moja kwapa lile, akatembea mbele yake kuelekea lango, polepole. Hakutazama juu kwenye dirisha. Wengine nao waliacha kazi wakasimama, na hakuna aliyeziokota brashi mpaka wale wawili walipokwisha kutoka.